Kenge wa Saa Kumi Jioni

Shangazi alinieleza habari za kenge akiwa ameshafika Nyololo, mahali ambapo hawezi tena kurudi. Basi lake la kwenda Mbeya lilikuwa limesimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma, naye akanipigia simu huku anatafuna.

"Mwanangu, kuna kitu nilisahau. Hapo nyumbani yupo kenge. Usimsumbue, naye hatakusumbua."

"Kenge wa nani, shangazi?"

"Kenge anakuwa wa nani? Kenge. Anakaa chini ya bafu. Haya, dereva anapiga honi."

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua wake, Idodi, kijiji cha njiani kwenda hifadhi ya wanyama, ufunguo wa nyumba mkononi. Nikageuka polepole kutazama bafu. Lilikuwa bafu la nje la kawaida, la matofali ya kuchoma na bati juu, na ubavuni mwake kulikuwa na karo la saruji la kumwagia maji machafu. Juu ya karo, amejilaza kwenye jua kama mgeni aliyelipia chumba, alikuwepo huyo kenge.

Mimi nimekulia Kihesa, Iringa mjini. Kihesa kuna baridi, na mjusi mkubwa kuliko wote niliyewahi kuishi naye ni yule mweupe wa ukutani anayekamata mbu karibu na taa. Huyu wa Idodi alikuwa mita moja na nusu. Najua kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na jicho langu hupima hata nisipoliomba. Mita moja na nusu, na zaidi ya nusu ni mkia. Alikuwa na rangi ya matope yaliyokauka, na madoa ya njano yaliyopangwa mgongoni kwa ustadi ambao, kusema kweli, uliniudhi kidogo. Shingoni ngozi ilimlegea mikunjo mikunjo kama koti la mtu ambaye hakupimwa. Akatoa ulimi mrefu wenye ncha mbili, akaonja hewa iliyotoka kwangu, akaurudisha. Niliingia ndani nikafunga komeo, na sikuoga siku mbili.

Inabidi nikiri mapema mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kufumua nguo za mama yangu ili nione zilivyounganishwa. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba siku moja ataingia fundi halisi, aigeuze nguo ndani nje, aseme mbele ya wateja, "Nani alikwambia hii inashonwa hivi?" Kwa hiyo mshono ukipinda, nafumua. Ukinyooka nafumua pia, nihakikishe haukunyooka kwa bahati. Nilikubali kulinda nyumba ya shangazi, aliyekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua Mbeya, kwa sababu nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kunitazama nikifumua.

Sasa kulikuwa na anayenitazama. Kila siku jua likipanda alitoka shimoni chini ya bafu, akapanda karo, akanielekezea uso. Na mimi, badala ya kwenda kwa jirani kuuliza jinsi watu wanavyoishi na kiumbe kama hicho, nilifanya ninachofanya siku zote nikiona kasoro: niliificha, geti na pazia vikafungwa mchana kutwa. Kwetu Kihesa, kenge akionekana uani maana yake wenye nyumba ni wachafu, hawakati majani. Nilikuwa nashona magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Nani angeleta gauni jeupe kwenye nyumba ya kenge?

Kuficha kungewezekana kama si jumuiya ya kanisa.

Jirani yangu, ng'ambo ya ua wa michongoma, alikuwa mjane mmoja mkulima wa mpunga, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na ndiye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunasali nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja, wiki inayofuata kwa mwingine, mpaka nyumba zote ziishe tuanze tena. Zamu yangu ya kwanza ilipofika nilimwambia mwenyekiti kwamba napaka rangi. Zamu ikarudi, nikasema tumbo. Mara ya tatu nilisema nimesafiri kwenda Iringa, halafu nikajilaza chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nikawasikia wakipita barabarani na vitabu vyao vya nyimbo kwenda nyumba ya pili. Nilikuwa hapo chini hadi vumbi lao lilipotulia. Kenge alikuwa juu ya karo, peupe, bila wasiwasi wowote.

Ndipo mdogo wangu akapiga simu kutoka Kihesa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anabatizwa, na alitaka mimi niwe mama wa ubatizo. Nililia kwa furaha. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote bila kwanza kupeleka sampuli.

"Ila dada, katekista wa huku ni mkali," mdogo wangu akasema. "Anataka barua ya jumuiya yako. Iseme unasali, na umeshawahi kukaribisha sala kwako. Bila barua, anaweka mtu mwingine. Wifi yangu ameshaanza kujipitishapitisha."

Nikavuka michongoma jioni hiyo hiyo.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Leo hupaki rangi?"

Nilimweleza kuhusu barua. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Barua nitaandika siku nikishakaa kwenye kiti chako," alisema. "Tutakuja Jumamosi, wiki tatu kutoka sasa. Tutasali, na vyumba vyako vyote tutavinyunyizia maji ya baraka. Vyote. Hata cha kulala."

Sikuona sababu ya kukazia chumba cha kulala, ila nilikubali. Nilikuwa na wiki tatu za kumhamisha kenge.

Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Moshi, majivu, pilipili. Nilimwaga majivu kuzunguka karo. Kesho yake yalikuwa na alama ya mkia, mstari mzuri uliopinda taratibu, ambao mimi kwa chaki siwezi kuuchora. Niliweka tofali mlangoni pa shimo lake akiwa nje. Alirudi, akalitazama tofali, akachimba pembeni yake kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kutunga uzi kwenye sindano.

Basi nikabuni mpango wangu mwenyewe, na naomba msomaji asinicheke kabla sijamaliza, maana kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kenge anapenda mayai. Nyuma ya nyumba, baada ya mahindi, upo mfereji unaopeleka maji mashambani, mahali pazuri kwa kenge yeyote anayejiheshimu. Ningemwekea mayai mawili kwenye kibakuli kila siku saa kumi jioni, na kila siku ningekisogeza kibakuli hatua tatu kuelekea mfereji. Wiki tatu zikiisha, angekuwa anakula ng'ambo ya mahindi na ameshasahau bafu. Niliupima ua kwa futi kamba na nikachora ramani.

Tatizo la kwanza lilikuwa woga. Nilisoma kwamba mnyama asishtukizwe, kwa hiyo kabla ya kukunja kona ya bafu nilikuwa natoa sauti ili ajue nakuja. Kusema "hodi" kwa kenge niliona aibu. Nikaimba. Kwaya pia sikuwahi kufundishwa, nyimbo nazijua mstari wa kwanza tu halafu nasogeza midomo. Wimbo ninaoujua wote, mwanzo hadi mwisho, ni mmoja, wa Mama Maria, ambao bibi yangu alikuwa akiuimba akichambua maharage. Nikauimba huo. Niliuimba kila siku, kwa sauti inayotetemeka, kibakuli mkono mmoja na ufagio mkono mwingine.

Kisha nilikuwa naongea naye, maana kunyamaza kulizidisha hofu. Nilikuwa nafunga geti, nashusha pazia la upande wa barabara, halafu namwambia kwa upole, "Njoo basi ule. Kula haraka, uondoke watu wasikuone. Utaniharibia maisha wewe."

Tatizo la pili lilikuwa majani. Siku ya tano kibakuli kilitakiwa kuingia kwenye mahindi, na mimi kwenye mahindi, peke yangu, na kenge ambaye simwoni, sikuweza. Nikasema nitasubiri siku moja. Siku ya sita mvua ikanyesha, nikakirudisha kibakuli karibu na ukuta kisijae maji. Siku ya nane, naona aibu kuiandika, nilikiweka barazani kwa sababu nilikuwa na gauni la mteja mezani na sikutaka kutoka mbali na cherehani. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimemhamisha kenge, ndiyo, hatua kumi na nne kuelekea mlango wangu.

Na alikuwa anakuja. Nikianza tu ubeti wa kwanza, nasikia kucha zake kwenye saruji.

Katikati ya hayo nilihudhuria jumuiya kwa watu wengine bila kukosa, nionekane. Kwenye maombi, katibu wetu, kijana mwembamba mwalimu wa shule ya msingi, aliomba hivi: "Kwa ajili ya wale wanaokaa chini ya paa moja na wasiopaswa kukaa nao, ili wapate nguvu ya kuachana nao." Watu wote wakanitazama. Wameshajua habari za kenge, nikawaza. Na kwa kuwa nilitaka kweli kuachana naye, niliitikia "Twakuomba utusikie" kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Mwenyekiti akanishika bega, machozi yakimlengalenga.

Nilimpigia shangazi Mbeya.

"Shangazi, kenge haondoki."

"Aende wapi? Yeye ndiye alikuwepo kabla ya bafu."

"Jumuiya inakuja Jumamosi!"

"Na mimi walikuwa wanakuja. Watu wakijaa anajificha, ni mtu wa haya sana. Muache tu. Kuna nini kingine? Mtoto analia huku."

Nilishikilia maneno hayo. Mtu wa haya. Watu wakijaa anajificha.

Jumamosi niliamka alfajiri. Nilikuwa nimeshona vitambaa vipya vya makochi, vyeupe, na pindo nilikuwa nimezifumua mara tatu. Nilitandika mikeka barazani, nikatoa makochi na viti, nikapika chai ya tangawizi, nikachemsha trei nzima ya mayai kwa ajili ya wageni. Saa kumi kasoro walianza kuingia, mmoja mmoja, na kila aliyeingia aliangalia kwanza mlango wa chumba changu cha kulala, ndipo akanisalimia. Mzee mmoja asiyesikia vizuri alikaa nyuma kabisa. Mwenyekiti alikalia kiti chenye kitambaa bora kuliko vyote, akajiweka sawa, akapapasa pindo kwa kidole. Hakusema kitu. Nilihesabu hilo kama baraka ya kwanza.

Karo lilikuwa tupu. Kibakuli nilikuwa nimekificha kabatini. Saa ilikuwa kumi kamili.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Kwa desturi yetu mwenye nyumba ndiye anayeanzisha wimbo."

Hilo sikulijua. Siku zote nilikuwa nachelewa kidogo makusudi, ili nikae nyuma.

"Mama, sauti yangu sio nzuri. Katibu aanzishe."

"Sauti yako tunaisikia kila siku saa hizi hizi. Anzisha."

Nilitafuta kichwani wimbo mwingine. Wowote. Nilipata mistari ya kwanza saba, na baada ya kila mmoja giza tupu. Nilitazama kona ya bafu. Nilimfikiria mtoto wa mdogo wangu mikononi mwa yule wifi. Nikaanza wimbo wa bibi, kwa sauti ndogo iwezekanavyo, sauti ya mtu anayeimba ndani ya mfuko.

"Ongeza," mwenyekiti akasema. "Hata malaika hawasikii hiyo."

Nikaongeza. Wao wakaupokea wakaunyanyua juu, makofi, sauti za pili, mama mmoja akapiga kigelegele. Haukuwahi kuimbwa vizuri hivyo uani mwetu. Na kwenye ubeti wa pili nikasikia kucha kwenye saruji.

Alikunja kona bila haraka, kifua juu, mkia unafagia. Alipanda barazani. Alipita kati ya mkeka na mkeka kama mzee wa kanisa anayechelewa lakini ana kiti chake, akaja mpaka miguuni pangu, akainua kichwa, akatoa ulimi. Alikuwa anasubiri mayai yake.

Wimbo ulikufa vipande vipande. Kina mama walirukia ukutani. Katibu alipanda kochi, kwa viatu, juu ya kitambaa cheupe nilichokifumua mara tatu, na hata katika saa ile niliona alama ya kisigino chake na ikaniuma. Mzee wa nyuma, aliyefumba macho, aliendelea kuimba peke yake hadi mwisho wa ubeti.

Mwenyekiti tu ndiye hakuinuka. Alimtazama kenge, akanitazama mimi.

"Huyu anataka nini?"

"Mayai, mama."

"Mayai ya nani?"

"Yake. Huwa nampa mawili. Saa kumi."

Gari la watalii lilipita barabarani likielekea hifadhini kutafuta wanyama.

"Ndiyo mayai unayonunua dukani kila siku?"

"Ndiyo."

"Na pazia unamfungia huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Na yale maneno," mwenyekiti akasema polepole, akiigiza sauti yangu vizuri mno, "'njoo basi ule, uondoke watu wasikuone, utaniharibia maisha', ulikuwa unamwambia huyu?"

Ndipo nilipoelewa, na nilitamani shimo la chini ya bafu liwe na nafasi ya wawili.

"Mama, mlidhani..."

"Tulidhani mwanaume! Wiki tatu nafunga kwa ajili yako! Nasema huyu binti wa watu amefungia mwanaume ndani, tena mvivu, hatoki hata kwenda shambani, anakula mayai tu!"

"Mimi nilisema ni dereva wa malori," mama mmoja akasema kutoka ukutani.

"Wewe ulisema ni mganga," mwenzake akamkumbusha.

"Huyu kenge si tunamjua," mwenyekiti akaendelea, sasa anacheka mpaka kiti kinalia. "Ni wa siku nyingi. Lakini nani angefikiri? Sisi wote hapa tunaficha mayai, kenge asiyaone. Wewe unakwenda dukani, unamnunulia, unamwimbia!" Kisha akainua kidole juu. "Ngoja. Ndiyo maana kuku wangu mwezi huu wameatamia kwa amani?"

Kenge alinigusa kidole cha mguu kwa ulimi.

"Mpe basi," mwenyekiti akasema. "Tusali."

Nilichukua mayai mawili ya kuchemsha kwenye bakuli la wageni. Hajawahi kupewa ya kuchemsha. Alilimeza la kwanza zima zima, akasimama kidogo kama anayefikiri, akalibeba la pili mdomoni, akashuka nalo kuelekea karo. Tulimaliza sala na katibu akiwa bado juu ya kochi. Vyumba vikanyunyiziwa maji ya baraka vyote, hata cha kulala, na mwenyekiti, baada ya kucheka kote kule, bado aliinama akachungulia uvunguni.

Barua aliiandika palepale, kwenye karatasi ya daftari, akalaza mkono wake juu ya meza yangu ya kukatia. Niliisoma njiani kwenda Kihesa, mara nyingi, nikitafuta kosa. Ilisema nasali, nashiriki, nimekaribisha jumuiya kwa moyo. Halafu, chini kabisa, kwa herufi nzito kuliko zingine: *na haishi na mwanaume yeyote, tumehakikisha.*

Katekista wa Kihesa aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Hii sentensi ya mwisho hatukuiomba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mmehakikishaje?"

Mdogo wangu alinikanyaga mguu. Nikasema tu kwamba mwenyekiti wetu ni mtu makini. Katekista akaikunja barua, akaitia mfukoni, na wifi akarudi kwenye benchi lake.

Siku ya ubatizo nilikuwa nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, na sikulifumua tangu Alhamisi. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyopima. Tulipopanga mstari mlangoni kuingia, kwaya ikaanzisha wimbo, na ulikuwa wimbo wa bibi. Watu wote waliangalia mbele, altareni. Mimi nilimkumbatia mtoto, nikarudisha mguu mmoja nyuma, nikageuka kutazama sakafu.